Jerikani la Karambi

Jumatatu, 9 Septemba

"Mpira bila pombe ni mazishi, na shabiki akilewa hamuumizi mtu ila nafsi yake." Haji Sowedi alisema hivyo jana redioni, polepole, kama mtu anayesoma bei za kahawa. Mtangazaji akacheka.

Nianze na mazishi. Nimezika watu wengi Karambi, kijijini kwetu, na Kasese mjini, na sijui msiba ambao haukuwa na pombe ya ndizi nyuma ya nyumba. Mazishi tunayo, pombe tunayo, na bado sijaona mtu akipanda juu ya jeneza kumtukana mama wa marehemu. Kwa hiyo pombe peke yake haielezi kitu. Kinachoeleza ni ruhusa. Msibani mlevi anajua wapo watu watakaomshika mkono na kumtoa. Uwanjani anajua hawapo.

Halafu hiyo nafsi yake. Nimesoma habari za mji mmoja mkubwa wa zamani ambako mashabiki wa mbio za farasi walijigawa kwa rangi, buluu na kijani, wakafanya fujo hadi sehemu kubwa ya mji ikaungua na watu wakafa kwa maelfu. Kila mmoja wao alikuwa na nafsi moja tu.

Haya nitayasema leo katika dakika zangu redioni, baada ya matangazo ya vifo. Haji atapiga simu kunijibu. Hupiga kila mara. Malori yake hubeba kahawa kutoka Bwera, yeye ni mwenyekiti wa mashabiki wa Mlima Stars, na hajaonja tone la pombe maishani mwake. Hilo ndilo linalonichosha. Mlevi anayetetea pombe ninamwelewa.

Naanza kuandika kila siku kwa sababu ligi imeangukia msimu wa kahawa. Kahawa ikiuzwa, uwanja hubadilika. Mdogo wangu Nobert, kitinda mimba wa mama yetu, ni fundi mbao siku za kazi na mshika kibendera Jumamosi. Amepangiwa mechi za Kasese na Bwera. Amenunua soksi mpya na kuzionyesha nyumba nzima.

Jumamosi, 14 Septemba

Mechi ya kwanza, nyumbani. Mashabiki walifika kwa lori la Haji, lile lile la kahawa, na majerikani ya tonto yakiwa katikati yao kama abiria. Tonto ni pombe yetu ya ndizi, haina madhara makubwa ikinywewa peke yake. Hawainywi peke yake. Wanaichanganya na waragi, pombe kali ya chupa ndogo, kutoka hema lililo karibu na lango.

Juu ya kichwa cha lori alisimama Sunday, tanboi wa Haji, yaani utingo wake, na ngoma. Sunday anapiga ngoma vizuri. Nasema hivyo kwa sababu ni kweli.

Hadi mapumziko waliimba. Baada ya mapumziko mmoja alivua suruali akakimbia kumkumbatia golikipa wa wageni. Wengine walichukua beseni la Mariat, mama kutoka Mpondwe, mji wa mpakani ulio jirani na Karambi, anayefuata mechi zote na mayai yake ya kuchemsha, wakarushia basi la wageni mayai yote.

"Mama Mwalimu," Mariat aliniambia, akiokota maganda, "hawa batu asubuhi beko bazuri. Bananisalimia, banauliza mutoto. Saa nane iko batu bengine kabisa."

"Kwa nini unarudi?"

"Saa nane ndiyo banakula mayai."

Nobert alimwagiwa bia mgongoni akikimbia na mstari. Nilipomuuliza alisema, "Jua lilikuwa kali, dada."

Jumanne, 17 Septemba

Mvua.

Alhamisi, 19 Septemba

Mvua. Mto Nyamwamba umepanda, unasikika hadi sokoni.

Jumamosi, 28 Septemba

Bwera, dhidi ya timu ya Mpakani. Nilipanda lori la mashabiki, mbele, na Haji mwenyewe akiendesha. Alinikaribisha kama mgeni wa heshima. "Mwalimu, leo utaona kwa macho yako. Kisha utasema uongo ukiwa na ushahidi."

Walisimama Muhokya kunywa. Walisimama Kikorongo kukojoa na kunywa. Mmoja alilala chini pale njia panda, na lori likaondoka bila yeye. Haji alitaka kurudi. Nyuma wakapiga ngoma kwenye bati kwamba twende, twende.

Bwera walivunja uzio wa mianzi wa mama mmoja asiyehusika na mpira. Walimzomea mchezaji wa Mpakani kwa sababu ya ulemavu wa dada yake, dada akiwa amekaa pale pale. Askari mmoja aliwaambia, "Nyinyi, kaa chini," wakakaa, akaondoka, wakasimama.

Tulipofika tena Kikorongo yule mtu alikuwa pale pale, tarumbeta kifuani. Sunday akateremka kumbeba begani.

"Simba wa mbuga walikuja," akawaambia wenzake. "Walimnusa, wakasema huyu tayari ameoza."

Lori zima likacheka. Mimi pia. Niliandika hotuba ya hasira kichwani njiani kote, na nilipofika nyumbani nikaona sina hamu ya kuiandika. Nimeandika hii badala yake.

Jumatatu, 7 Oktoba

Redioni nilisema hema la pombe liondolewe langoni. Haji alipiga simu. "Mwalimu anataka tushangilie kwa uji." Watu walipenda sana.

Jumamosi, 12 Oktoba

Hakuna mechi, uwanja umejaa maji. Kahawa ya Karambi imeanza kuuzwa.

Jumapili, 20 Oktoba

Naandika kwenye benchi la hospitali. Nitaandika kwa mpangilio.

Jana, nyumbani. Mlima Stars walikuwa nyuma kwa bao moja, mechi inakaribia kwisha. Nilikuwa nimekaa upande wa mashariki. Nobert alikuwa na mstari wa magharibi, upande wa jukwaa la mabati, ambako hukaa watu wa lori. Mvua nyepesi. Mlima Stars wakapata bao. Watu wakaruka. Nikaona kibendera kimenyooka juu na mdogo wangu amesimama wima chini yake, bila kusogea, jinsi walivyofundishwa. Mfungaji ameotea. Bao limekataliwa.

Ngoma ilinyamaza. Hilo nalikumbuka kuliko yote.

Halafu Nobert akapiga goti moja, kama mtu anayetafuta kitu kilichoanguka kwenye nyasi. Mkono mmoja usoni. Mkono wa pili bado ulikuwa juu na kibendera. Nilivuka uwanja. Sikukimbia, sijui kwa nini, nilitembea kama nakwenda kuandika ubaoni. Askari akanizuia. "Wewe mama, rudi nyuma." Nikamwambia, "Afande, yule ni mdogo wangu." Akanitazama, akasema tena neno lile lile, kwa sauti ndogo zaidi, kisha akageuka akajifanya anatazama upande mwingine. Nikapita.

Chupa ilikuwa ya kioo, ya bia. Ilikuwa karibu na kiatu chake, haijavunjika. Refa alikuwa akipuliza filimbi bila kukoma. Nyuma yetu mabati yalikuwa yamejaa watu, na nilipogeuka kuwatazama, kila mmoja alikuwa anatazama mlima. Nimefundisha miaka mingi. Ninajua darasa linaloficha jina.

Nilimwambia Nobert ashushe mkono. Hakushusha. Nilimfungua vidole kimoja kimoja.

Leo asubuhi amenitazama kwa jicho lililo wazi akauliza, "Alikuwa ameotea, dada?"

"Alikuwa ameotea," nikasema. Sikuwa nimeona. Hasira nimeisubiri tangu jana, haijafika.

Jumatano, 23 Oktoba

Daktari anasema tusubiri.

Ijumaa, 25 Oktoba

Tunasubiri. Mvua.

Jumatatu, 28 Oktoba

Meneja wa redio amenipigia. "Mwalimu, pumzika kidogo, una mgonjwa." Nikamwambia mgonjwa hanizuii kusema. Akasema mwenye hema la pombe ndiye anayelipia matangazo ya baada yangu. Alau hakunidanganya. Basi nitasema hapa.

Jumapili, 3 Novemba

Karambi. Wamekuja kutupatanisha.

Walifika kwa lori wakati watu wanatoka kanisani: wazee wa mashabiki, vijana wao, Mariat kwa sababu yeye ni jirani, Sunday bila ngoma. Wamekuja na mbuzi na jerikani kubwa la tonto lililozibwa kwa nyuzi za mgomba. Haji alikuja nyuma yao na kofia mkononi. Baba mdogo Eridadi, ndugu wa mwisho wa baba yetu aliyebaki hai, aliwapokea kwenye ua.

Msemaji wao alisema, "Mzee, tumekuja kwa sababu ya kile kilichotokea."

"Kilitokea chenyewe?" nikauliza.

"Rusi," akanikanya baba mdogo kwa jina langu. Nikanyamaza.

Desturi ni hii, na naiandika kwa ajili ya wale waliozaliwa mjini. Mwenye kosa huleta pombe nyumbani kwa aliyeumizwa. Aliyeumizwa hunywa kwanza, kisha kibuyu kinazunguka. Kila aliyekunywa amelizika neno. Akilitaja tena mbele ya mahakama, kikao au sokoni, laana ya neno lile inamrudia yeye na nyumba yake. Wengi wenu mtasema hamwamini. Nimewaona mkinywa, na nimeona mnavyonyamaza baadaye.

Mpango huo uliwahi kuwa na akili. Watu walikuwa wachache, milima mikali, na damu ikilipwa kwa damu kijiji kinakwisha. Lakini zamani aliyekosa alikuja na uso wake akasema, ni mimi. Hawa walikuja wote ili asije yeyote.

Nobert alikaa kwenye kiti cha mama, bendeji nyeupe usoni. Kibuyu kilipomfikia alinitazama. Nilitikisa kichwa kukataa. Akanywa. Akasema, "Tonto nzuri. Nani amekamua?" Watu wakacheka kwa shukrani, mabega yakashuka.

Kikazunguka. Sunday alikunywa akiwa ameinamisha uso ndani ya kibuyu, akakaa humo muda mrefu. Mariat akanywa kidogo. Kikafika kwangu, nikakipitisha. Nina vidonda vya tumbo, kila mtu anajua, hakuna aliyenilazimisha. Kikafika kwa Haji, naye akakipitisha, akaletewa soda.

Baba mdogo akasimama. "Limekwisha. Akitokea wa kulifungua neno hili, aliyelipokea jerikani alirudishe limejaa, pombe ya nyumba yake, mbele ya waliolileta, na kila aliyekunywa yuko huru. Na mimi sijawahi kuona likirudishwa."

Fujo ya pombe imezikwa kwa pombe, na mbuzi alikuwa mtamu.

Jumatatu, 4 Novemba

Nimelala mchana wote.

Ijumaa, 15 Novemba

Wameliondoa jicho la kushoto.

Nobert akasema, "Sasa nitaona kuotea kwa jicho moja, kama marefa wengine." Muuguzi alicheka hadi akalazimika kutoka.

Jumatatu, 18 Novemba

Barua ya ligi imekuja. Kikao cha nidhamu kitakaa Ijumaa, tarehe 29. Wanataka mashahidi waliomwona mrushaji. Asipotajwa mtu, jambo litaandikwa kuwa ajali, uwanja utafunguliwa, hema litabaki langoni, na mechi ya kufunga mwaka dhidi ya Mpakani itachezwa kama kawaida. Ajali. Kama chupa ni jani la mti.

Alhamisi, 21 Novemba

Nimepita nyumba kwa nyumba. Jibu ni moja, la mlango ulio nusu wazi: "Mwalimu, tulishakunywa." Wasomi wanasema hivyo. Mtu mmoja mwenye shahada ya sheria amesema hivyo, kisha akaniuliza nimesoma nini siku hizi.

Mariat nimemkuta sokoni, anapanga mayai.

"Ulikuwa chini ya jukwaa," nikamwambia. "Ulimwona."

"Nilikunywa, Mama Mwalimu. Kidogo tu, lakini kidogo nayo iko kunywa."

"Mariat, yule ni fundi aliyekutengenezea kitanda."

"Najua. Nalala juu yake na sipati usingizi." Akageuza yai moja. "Lakini iko mutu hakunywa. Wewe, na Haji. Wewe ulikuwa ng'ambo. Haji alikuwa wapi?"

Mwezi mzima nimemhesabu Haji kuwa ukuta. Sikuwahi kufikiri ukuta nao una macho.

Jumamosi, 23 Novemba

Uwanja wa malori wa Haji. Walikuwa wakipakia kahawa, Sunday juu ya shehena akipokea magunia. Aliponiona alishuka upande wa pili.

"Mwalimu," Haji alisema, "umekuja kunitukana bila redio?"

"Nimekuja kuuliza. Siku ile ulisimama wapi?"

Aliwapungia wapakiaji wapumzike. Akaniletea kiti na chai, yeye akakaa kwenye tairi.

"Nyuma yake," akasema. "Karibu hivi." Alinyoosha mkono akagusa kiti changu. "Nilimwona akiishika. Nilifikiri anakunywa."

"Ni Sunday."

"Umesema wewe."

"Ngoma ilinyamaza kabla ya chupa kufika. Nimekaa na hilo mwezi mzima."

Alitazama mawingu. Mvua ilianza, wafanyakazi wakafunika magunia kwa turubai. Sunday alikuwa miongoni mwao, akivuta kamba.

"Yule alikuja kwangu akiwa hajui kufunga viatu," Haji akasema. "Shamirah, mke wangu, amempikia kuliko alivyowapikia wanangu. Unataka nikasimame mbele ya watu niseme nini?"

"Ulichoona."

"Watamfungia maisha. Polisi nao watakuja."

"Nobert amefungiwa jicho maisha."

"Mwalimu, usinihutubie. Leo usinihutubie."

Sikuwa na hotuba, ukweli ni huo. Nilikuwa nimeishiwa. Tulikaa tukiisikiliza mvua kwenye turubai.

"Unajua kwa nini sikunywa?" akasema mwishowe.

"Dini yako."

"Dini yangu. Na dini hiyo hiyo inakataza kubeba pombe, siyo kunywa tu. Imamu aliniambia zamani. Mimi nikamwambia lori halina dini." Akasugua magoti. "Majerikani yote uliyoyaona tangu Septemba yalipanda juu ya gari langu. Na mimi nikaenda redioni kusema mlevi anajiumiza mwenyewe."

Nilitegemea miaka mingi kumsikia akikiri kwamba nilishinda hoja. Sikuhisi kitu. Nilimwambia chai yake ni nzuri, nikaondoka.

Ijumaa, 29 Novemba

Kikao kilikaa katika ukumbi mdogo karibu na barabara ya Kilembe. Watu wa lori walijaza viti vya nyuma, wamevaa mashati ya kanisani, wakavu kabisa, hakuna aliyelewa. Mariat alisema kweli, asubuhi ni watu wazuri. Mmoja alimpisha Nobert kiti.

Mwenyekiti wa kikao alisoma maelezo, akauliza, "Nani aliona?"

Watu wa lori wakatazama sakafu.

Haji akasimama. Alianza kwa kusema, "Mimi Karambi sikunywa." Ukumbi ukaelewa mara moja. Nyuma, mtu akasema, "Haji, kaa." Kwa upole, kama unavyomwambia mzee asijikwae.

"Aliyerusha ni Sunday, kijana wangu," akasema. "Chupa ilikuja kwa gari langu. Aliyeruhusu ni mimi. Andikeni yote mawili, msiandike moja."

Sunday alikuwa ameketi mstari wa mwisho. Hakukana. Alitazama mikono yake, kwanza wa kulia, kisha wa kushoto.

Mwenyekiti akauliza kama kuna mwingine. Kanuni zinataka mashahidi wawili, na Sunday mwenyewe, alipoulizwa, alisema tu, "Nilikunywa, mheshimiwa." Mgeni angedhani anajitetea kwa ulevi. Alikuwa anamaanisha kile kibuyu. Hawezi hata kuungama, maana naye alizika.

Wameahirisha hadi Jumatatu, tarehe 9 Desemba. Asipotokea wa pili, ni ajali.

Nje mashabiki walimvua Haji uenyekiti pale pale, kwa kunyoosha mikono. Sunday alisimama kando ya lori.

"Haji, umenimaliza," akasema.

"Panda gari," Haji akamjibu. "Shamirah amepika."

Akapanda.

Jumamosi, 30 Novemba

Nimejaribu kuandika dhidi ya Haji, kwa mazoea. Haiandikiki.

Jumatatu, 2 Desemba

Karakana ya Nobert. Alikuwa ametengeneza mlango kwa ajili ya shule moja ya Muhokya, na mlango haukuingia kwenye fremu. Aliusimamisha, akautoa, akausimamisha tena.

"Nimepima vizuri," akasema. "Tepu naiona. Umbali ndio sijui umekwenda wapi."

Nilishika upande mmoja, tukaulaza.

"Ulimwona?" nikauliza.

"Nilikunywa, dada."

"Najua ulikunywa. Nauliza kama ulimwona."

Alikaa juu ya mlango. Vumbi la mbao lilikuwa limemjaa kwenye bendeji, nikalipangusa, akaniacha nipanguse.

"Niligeuka kwa sababu ngoma ilikatika," akasema. "Alikuwa ananitazama. Tulitazamana. Nafikiri alidhani nitaikwepa." Akafikiri kidogo. "Ningeikwepa. Lakini kibendera kikiwa juu hausogei. Ukisogea wanasema huna uhakika."

Mvua ilipiga bati muda mrefu.

"Wakinisikia nikisema, sitashika kibendera tena Kasese," akasema.

"Hutashika tena hata usiposema, Nobert."

Hakuna mwingine aliyekuwa amemwambia. Aliitikia kwa kichwa polepole, kama fundi aliyeonyeshwa ufa alioujua. Nilisubiri alie. Hakulia, mimi pia sikulia.

"Baba mdogo bado ana ndizi?" akauliza.

"Anazo."

"Anayepokea ndiye anayerudisha. Alisema hivyo?"

"Alisema hivyo."

"Basi nisaidie kukamua. Mimi sitaona ikifikia wapi kwenye jerikani."

Jumatano, 4 Desemba

Karambi. Mimi niliyeomba redioni kila Jumatatu pombe itoke uwanjani nimeshinda nikikamua ndizi kwa nyasi kwenye mtumbwi wa mbao, mikono hadi kwenye viwiko. Wajomba wamepita njiani, wakasimama, wakatazama, wakaenda kuwaita wengine. Mmoja akasema, "Mwalimu ameacha wokovu." Nobert akamjibu kwamba sikuwa nao.

Baba mdogo alikataa asubuhi yote kututazama. Mchana alikuja na mtama uliokaangwa, akaumimina bila kuombwa.

"Sijui kama inafanywa hivi," akasema. "Baba yangu alinieleza, naye hakuwahi kuona."

Ijumaa, 6 Desemba

Inachemka. Harufu imejaa nyumbani. Jua kidogo leo.

Jumamosi, 7 Desemba

Jerikani limejaa. Baba mdogo amelifunga mwenyewe kwa nyuzi za mgomba. Haji ameleta lori kulichukua, maana boda zote zimekataa kulibeba zilipojua ni lipi. Sunday alikuwa kwenye kiti cha tanboi. Aliteremka, akalitazama, akamtazama Nobert. Kisha akalishika upande mmoja na Nobert mwingine, wakalipandisha. Nobert alikosa ukingo wa lori mara ya kwanza. Sunday akauongoza mkono wake.

Mchana huu nitatoa nakala za kurasa hizi, nyingi kadiri mashine itakavyoweza kabla umeme haujakatika. Moja nitaibandika kwenye lango la uwanja, nyingine kwenye hema la pombe, nyingine Bwera karibu na mayai ya Mariat. Unasoma mojawapo.

Kwa hiyo sasa nasema na ninyi. Siyo na nchi, siyo na vijana wa siku hizi, siyo na serikali. Nasema na ninyi mliokaa chini ya jukwaa la mabati Jumamosi ile, mkatazama mlima. Nasema na wewe Mariat. Nasema na wewe mwanasheria. Nasema na wewe Sunday, uliyekunywa ukificha uso. Mlituambia mmelizika neno na hamwezi kulifukua. Sawa. Sikuwacheka, na sitawacheka. Jumatatu jerikani litakuwa kwenye ngazi za ukumbi, limejaa, limezibwa, na mdogo wangu amesimama kando yake. Amelirudisha. Mlichomnywesha kimerudi kwenu, hamna tena kaburi la kujificha nyuma yake. Pombe hiyo asiinywe mtu.

Kikao kinaanza saa nne asubuhi. Njooni kabla hamjanywa. Piteni karibu naye, upande wake wa kulia ili awaone, kisha ingieni mseme jina.